Kitabu Umenunua, Onyesho Hujanunua

Kila mwaka ikifika Juni, tuzo za Tony, zile za michezo ya jukwaani, zikishatolewa kule New York, simu yangu hapa Bagamoyo haitulii. Mtu kaona kipande cha video, mchezo fulani umezoa tuzo, na anataka kuupandisha jukwaani Desemba. Nikimuuliza ruhusa, jibu huwa lilelile: "Skripti tumeshaipata, mwalimu." Wameipata wapi? Kwenye simu, faili limetumwa na rafiki wa rafiki. Kazi yangu ni kuandaa maonyesho: makaratasi, ukumbi, taa, ratiba. Jibu hilo limenichosha, kwa hiyo leo naandika, na nitakayemkuta nalo tena nitamtumia asome.

Dhana: Ukinunua kitabu cha tamthilia, una haki ya kukiigiza.

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko nyingine zote, na wanaoishikilia si wahuni. Ni watu waaminifu, na risiti wanazo. Kuna kijana, kiongozi wa kikundi, alikuja na bahasha kubwa ya kaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, leta habari."

Akatoa nakala za fotokopi, kila moja imebanwa pini pembeni, majina ya wahusika yamepakwa rangi ya njano. Juu kabisa kaweka risiti ya duka la vitabu. "Tumenunua kihalali kabisa, hatujaiba." Nikamwomba kitabu chenyewe. Nikafungua ukurasa ule wa nyuma ya jina la kitabu, ambao hakuna anayeusoma: mchapishaji, sanduku la posta, na maneno "Haki zote zimehifadhiwa". Tukaangalia kwenye nakala zake, ukurasa huo haumo. Fundi wa steshenari aliuruka ili kuokoa karatasi.

Ukweli ni kwamba ukinunua kitabu umenunua kitabu. Kisome, kiazimishe, kiuze ukipenda. Kukiigiza mbele ya watu ni haki nyingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 imeiacha mikononi mwa mwandishi, au mtu aliyeirithi au kuuziwa. Simsemi mwalimu anayewagawia wanafunzi sehemu za kusoma darasani. Nasema tiketi mlangoni, bango barabarani na gari la matangazo linalozunguka Magomeni na Dunda. Wala kusema "kiingilio ni bure" hakukuokoi. Hadharani ni hadharani, ulichangisha hela au hukuchangisha.

Hapo huja utetezi wa pili: kitabu ni cha zamani. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka 1969, kwa hiyo wanaona muda umeshapita. Hesabu haiendi hivyo. Mwaka wa kuchapwa hauna kazi hapa. Haki inadumu uhai wote wa mwandishi, kisha inaongezewa miaka 50 baada ya kufa kwake. Nguzo Mama ya Penina Muhando ni ya 1982, nayo inapigiwa hesabu hiyohiyo.

Shakespeare je? Alikufa 1616, huna wa kumwomba, mwigize upendavyo. Lakini nikimwambia mtu hivyo, wiki inayofuata anarudi na Mabepari wa Venisi mkononi. Ndugu yangu, hicho ni Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, tafsiri ya 1969. Tafsiri nayo ni kazi yenye hakimiliki yake. Mwalimu alifariki 1999, ongeza 50, unafika 2049. Ukitaka Shakespeare wa bure, kaa chini umtafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, na usichungulie. Watu hukunja uso hapa, wanasema Mwalimu ni Baba wa Taifa, kwa hiyo kazi yake ni mali ya taifa. Sheria haina kifungu cha namna hiyo, nami nimechoka kukitafuta kwa niaba yao.

Turudi kwa wale wa Juni. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa mataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo mchezo wa Mmarekani au Mwingereza unalindwa hapa kama unavyolindwa wa kwetu. Michezo mikubwa ya muziki ya Marekani mingi hutolewa leseni na makampuni ya kazi hiyo, kama Music Theatre International na Concord Theatricals. Unaomba, unataja ukumbi, idadi ya viti, siku na bei ya tiketi, nao wanakupa bei yao, au wanakukatalia. Wengi hawaelewi kwamba kukataliwa ni jibu la kawaida. Mchezo ambao bado unaonyeshwa Broadway, yaani kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, au una msafara unaozunguka miji, mara nyingi haki zake zinafungwa kwa wengine wote mpaka biashara hiyo ipoe. Kwa hiyo mchezo ulioshinda juzi ndio mgumu zaidi kuupata, na ndio huohuo kila mtu anautaka.

The Lion King ndiyo inayonipa ubishi mrefu kuliko yote. Imo Broadway tangu 1997, na toleo lile kamili halitolewi leseni kwa vikundi. Lipo toleo fupi la watoto wa shule, The Lion King JR., nalo ni la kulipia leseni. "Lakini mwalimu, hii hadithi si ya kwetu? Nyika ya kwetu, Kiswahili cha kwetu." Simba ni wetu, sikatai, na nyika pia. Mchezo ni wa Disney. Tunga wa kwako wenye simba, hakuna atakayekugusa.

Wajanja wana njia yao: hubadilisha majina ya wahusika, hukata onyesho la mwisho, kisha husema sasa ni kazi mpya. Hapo umeongeza kosa juu ya kosa, maana kugeuza kazi ya mtu nako kunataka ruhusa yake. Na ruhusa ya kuigiza haiji na ruhusa ya kurekodi. Ukipewa siku tatu za jukwaani halafu ukaiweka YouTube, umetoka nje ya ulichopewa. Wimbo wa Bongo Fleva unaoupiga pazia likifunguka una mwenyewe pia.

Ushauri wangu ni mmoja, na wanaonifahamu wameshauchoka: barua kwanza, kugawa nafasi baadaye. Taja mchezo, lugha, ukumbi, siku, kiingilio, na kama mtarekodi. Ipeleke kwa mwandishi au kwa mchapishaji aliyeandikwa kwenye ukurasa ule wa pili. Ukikwama, waulize COSOTA, siku hizi Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Waandishi wetu niliowahi kuwaandikia wengi hawakudai makubwa, walitaka kuulizwa tu, na jina lao liandikwe kwenye bango kwa herufi zinazosomeka. Lakini ukishamwambia binti wa watu kwamba yeye ndiye mhusika mkuu, na mama yake keshatangaza mtaa mzima, barua ya kukataliwa ikifika utaificha na kuendelea na mazoezi. Nimeona ikifanyika. Ndiyo maana nasema barua kwanza.

Mengine nayapitia haraka.

Dhana: Kibali ni cha filamu, jukwaa halihusiki. Isome sheria kwa jina lake: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Michezo ya kuigiza imo humo tangu mwanzo. Ruhusa ya mwandishi na kibali cha serikali ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakisimami badala ya kingine.

Dhana: Broadway ni jumba moja kubwa. Ni barabara ya New York, na kwa watu wa jukwaa ni majumba 41 yenye viti 500 au zaidi. Lenye viti 100 hadi 499 huitwa Off-Broadway, hata kama liko mtaa uleule. Kwa hiyo bango likikuambia "kutoka Broadway", uliza ni jumba gani. Mara nyingi anayeuza tiketi naye hajui.

Dhana: Mchezo ukitangazwa kwamba unakuja, uko tayari. Tangazo mara nyingi ni nia tu. Huko kwa wenzetu michezo hutangazwa, ikasogezwa mbele, mingine ikafa kabla pazia halijafunguliwa. Hata ikifunguliwa, Broadway huanza na maonyesho ya majaribio, mara nyingi wiki kadhaa: watu wanalipa, na mistari bado inabadilishwa, wimbo unaondolewa, mwisho unaandikwa upya, ndipo usiku rasmi wa uzinduzi ufike. Hapa kwetu majaribio ya namna hiyo hatuna, na nayatamani sana. Tunachonacho ni bango linalotangulia malipo ya ukumbi. Kabla hujakodi kosta kutoka Dar kuja kuangalia mchezo, piga simu ukumbini uulize kama tarehe hiyo imeandikwa kwenye daftari lao.

Dhana: TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanafundisha ngoma tu. Chuo kilianza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kikawa wakala wa serikali 2007. Ngoma ipo, tena nzuri, lakini kuna uigizaji, muziki, sarakasi, sanaa za ufundi na kazi za nyuma ya jukwaa. Ukitafuta mtu wa taa, acha kumwomba yule wa disko la harusi aje na mataa yake yanayozunguka.

Dhana: Maiki zitamaliza kila kitu. Maiki humkuza aliyeanza na sauti. Mwigizaji anayemeza silabi ya mwisho, ukimpa maiki utasikia akiimeza kwa nguvu zaidi. Na ukumbi wa wazi, hapa ambapo upepo wa bahari hupanda jioni, maiki ya bei rahisi inakamata upepo kwanza, halafu mwigizaji.

Dhana: Wiki mbili za mazoezi zinatosha. Zinatosha kukariri. Bado hamjajua nani anasimama wapi, nguo inabadilishwa muda gani, taa inageuka kwa neno lipi, na nani anashika mlango mtoto wa mtu akilia. Atakayeniletea tarehe ya onyesho kabla hajanipa tarehe ya kwanza ya mazoezi, nitamwomba arudi kesho na kalenda.