Profaili ya vitufe vya joistiki ni nini?

Joistiki haijui ndege. Ukibonyeza kitufe, kinachofika kwenye kompyuta ni taarifa fupi tu: namba 5 imebonyezwa, au namba 5 imeachiwa. Simuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji wa ndege, ndiyo inayoamua kwamba namba 5 ni breki, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kuruka polepole) au kamera. Mpangilio wa maamuzi hayo yote, ukishahifadhiwa kwa jina lake, ndio profaili.

Profaili haisemi tu kitufe kinafanya nini, husema pia kinafanyaje, na hapo wengi hupita haraka mno. Trimu, kirekebishi kinachoipunguzia mikono kazi ya kushikilia mpini, inataka kurudiarudia: ukishikilia, isogee kidogo kidogo mpaka uachie. Breki inataka kushika muda wote kidole kikiwa juu yake. Magurudumu ya kukunjwa yanataka mbonyezo mmoja tu. Ukiyawekea kurudiarudia, amri ya kupanda na ya kushuka zitafukuzana.

Kwetu Mwanza kuna kitufe ambacho mtu wa Dar es Salaam anaweza kuishi bila kukikumbuka: cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Uwanja wetu uko kandokando ya ziwa, lakini ziwa lenyewe liko juu. Njia ya kurukia ipo kwenye futi kama 3,760 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mwongozo wa Cessna 172S, ndege ndogo ya injini ya pistoni, unamtaka rubani anayeruka kutoka uwanja ulio juu ya futi 3,000 apunguze mafuta kwanza. Unashika breki, unasukuma nguvu ya injini mpaka mwisho, kisha unapunguza mafuta hatua kwa hatua huku ukitazama mizunguko ya injini. Itapanda. Ikianza kushuka, rudisha hatua moja.

Sasa tazama mikono. Wa kushoto uko kwenye nguvu ya injini, wa kulia umeshika mpini. Kwa hiyo breki ikae kwenye kidole cha shahada, na mafuta yapate vitufe viwili vya kidole gumba, kimoja cha kuongeza na kimoja cha kupunguza. Breki nayo ukiiweka kwenye gumba, kazi hiyo haifanyiki.

Ukihamia Cessna Caravan, ndege ndogo inayoonekana sana kwenye viwanja vya kanda hii, vitufe hivyo viwili havina kazi, kwani injini yake ni ya turbini na haina mkono wa mchanganyiko. Ndiyo maana kila ndege hupewa profaili yake. Simuleta ya X-Plane hukuruhusu kuifunganisha profaili na ndege fulani, ukiifungua tu ndege hiyo vitufe vinabadilika vyenyewe. FlightGear, simuleta nyingine ambayo ni ya bure, huweka mipangilio ya joistiki kwenye faili za XML (faili za maandishi ya kawaida) unazoweza kumpa mwenzako kwa flashi, mradi joistiki zenu ziwe za aina moja.

Ukipungukiwa vitufe, kimoja hufanywa cha kugeuza: ukikishikilia, vilivyobaki hupata kazi ya pili. Mimi ningekiachia mambo ya ardhini, kama taa na milango. Ukija kutua Mwanza kwenye njia ya 12 unatokea upande wa ziwani, na maji matupu hayakupi kipimo kizuri cha urefu uliobaki. Macho yanagawana kazi kati ya njia na altimita, kipimo cha urefu wa ndege. Trimu, flapu na breki ziwe za kidole kimoja, bila kushikilia kingine.