Kujitolea Kwenye Mbio za Vijana Wenye Ulemavu: Msaada Uliokubaliwa Kabla

Wengi wanaojitolea kuwasaidia vijana wenye ulemavu kwenye mbio ndefu na triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo) hufika wakiwa na moyo mkubwa, halafu wanaharibu kwa kusaidia kuliko walivyoombwa. Kiti mwendo kinasukumwa bila mwenyewe kuulizwa. Kijana anayejitafutia mizani kwa mguu bandia anadakwa mkono, akaanguka. Anayefaa zaidi ni yule aliyekaa na mwanamichezo siku kadhaa kabla, kocha au mzazi akiwepo, wakaandika ni msaada gani unatakiwa, wapi na kwa namna gani. Siku ya mbio anafanya hayo, na lingine lolote anauliza kwanza.

Maswali ya kikao hicho yawe ya wazi. Unahisi mpaka wapi mwilini? Unatoka jasho mwili mzima au sehemu tu? Una kifafa, na kikija kinaanzaje? Mkojo unautoa vipi, na kila baada ya muda gani? Nikikunyanyua, nikushike wapi? Mwelekezee kijana mwenyewe swali, hata kama mama ndiye anayewahi kujibu. Mambo ya choo yaulizwe faraghani, na majibu yabaki kwa wale tu watakaoyatumia.

Hatari kubwa katika triathloni mara nyingi ipo pale anapotoka majini. Mchezo huu uliingia kwenye Michezo ya Paralimpiki mwaka 2016 huko Rio, na umbali wake ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Vijana wanaoanza hupewa umbali mfupi zaidi. Anayetumia kiti mwendo hunyanyuliwa kutoka majini na wasaidizi wawili. Kila mmoja anasimama upande wake, anapitisha mkono mmoja nyuma ya mgongo na mwingine chini ya mapaja karibu na magoti, kisha wananyanyua kwa pamoja mwanamichezo akihesabu. Wasimvute kwa mikono wala kumning'iniza kwa makwapa. Mabega hayo yamechoka kwa kuogelea, bado yana baiskeli ya mkono, inayoendeshwa kwa mikono, na kiti cha mbio, na kesho ndiyo yatakayompeleka shuleni. Bega likiumia, amepoteza mchezo pamoja na uwezo wake wa kutembea huku na huko.

Kosa la pili hapo halina kelele. Miguu isiyo na hisia ikiburuzwa kwenye zege, ngozi inachubuka na kijana hasemi kitu kwa sababu hakuhisi. Kidonda cha namna hiyo hupona polepole. Basi awepo mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kuangalia miguu tu, na mkeka utandikwe hadi kwenye kiti. Akishakaa, kagueni visigino na vidole kabla ya kuvifunga kwenye baiskeli. Mikanda ya vifundo nayo ikaguliwe kwa mkono, maana mguu ukichomoka njiani unaweza kuingia kwenye gurudumu bila yeye kujua. Baiskeli ya mkono iko chini sana, dereva wa gari haioni kirahisi. Bendera ndefu yenye rangi kali si pambo.

Kuna jambo dogo linalosahaulika mno. Kijana akiondoka na kiti cha mbio, kiti chake cha kila siku kinabaki nyuma. Apangwe mtu mmoja wa kukipeleka mstari wa mwisho. Kisipokuwepo, atabaki amekunja miguu ndani ya kiti chembamba muda mrefu, na ngozi yake ndiyo itakayolipa.

Kila anayemsaidia mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu lazima aijue disrefleksia. Kitu kinachousumbua mwili sehemu isiyohisi, kama kibofu kilichojaa, huifanya presha ya damu ipande ghafla. Dalili zake ni kichwa kuuma kwa nguvu, uso na shingo kuwa vyekundu au kutoka jasho jingi juu ya sehemu iliyoumia, vinyweleo kusimama, na mara nyingi mapigo ya moyo kwenda polepole. Watu humdhania amechoka wakamlaza. Usimlaze. Mwache ameketi wima, miguu ikining'inia, na ulegeze kila kinachobana: mikanda, viatu, nguo za mashindano, mfuko wa mkojo. Kisha tafuta chanzo ukianzia kwenye kibofu. Angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au mfuko umejaa. Baada ya hapo fikiria choo kikubwa, halafu ngozi: jiwe ndani ya kiatu, mkunjo wa nguo, ukucha ulioingia nyamani. Presha ipimwe kila baada ya dakika chache. Mita isomwe kwa kulinganisha na presha yake ya kawaida, ambayo kwa vijana hawa huwa chini. Namba ya juu ikizidi kawaida yake kwa 15 hadi 20, ichukuliwe kuwa dharura hata kama kwa mtu mwingine ingeonekana nzuri. Chanzo kisipoonekana mara moja, au dalili zikiendelea, ita gari la wagonjwa. Disrefleksia inaweza kuleta kiharusi.

Watu haohao hawatoki jasho la kutosha chini ya sehemu iliyoumia, hivyo joto linajikusanya ndani hata wakinywa maji. Wanyunyizie maji usoni, shingoni na mikononi, na kivuli kiwe tayari kabla ya kuanza. Mwenye utindio wa ubongo ana tatizo la upande wa pili: baridi humkaza misuli, kwa hiyo akitoka majini taulo kavu lije kwanza, maswali baadaye.

Kwa mwenye mguu bandia, jasho ndilo adui. Soksi ya mpira inayovaliwa kwenye kigutu inalowa, kigutu kinaanza kuteleza ndani ya soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachokishika, malengelenge yanafuata. Beba taulo ndogo na soksi kavu, na umpe nafasi ya kuuvua, kujikausha na kuuvaa mwenyewe. Kijana bado anakua. Soketi iliyomkaa vizuri msimu uliopita inaweza kumbana sasa.

Anayemwongoza mkimbiaji asiyeona lazima awe na kasi ya ziada, kiasi cha kuweza kuzungumza bila kuhema kwenye mwendo wa mwenzake. Kamba wanayoishika wote wawili iwe fupi. Mikono iliyoishika iende pamoja, na hapo miguu ya nje nayo itatua pamoja, vivyo hivyo ya ndani. Maelezo yatangulie tukio: "Tuta, hatua tano... tatu, mbili, panda." Neno kama "angalia!" halimwambii lolote. Mwongozaji hamvuti wala hamsukumi, na mkimbiaji ndiye anayetangulia kukata mstari. Kanuni hizi ni kali. Kwenye marathoni ya Paralimpiki ya Paris 2024, Elena Congost wa Hispania alifika wa tatu, akaondolewa kwenye matokeo kwa kuachia kamba mita chache kabla ya mstari ili amdake mwongozaji wake aliyekuwa anaanguka. Kabla ya kukabidhiwa mtu, jifunge kitambaa machoni uongozwe wewe. Kasoro za sauti yako utazijua hapo.

Usalama wa mtoto hauna mjadala. Usibaki naye peke yako chumba cha kubadilishia nguo, watu wazima wawe wawili, ujumbe wa simu upitie kwenye kundi alimo mzazi, na picha ipigwe kwa idhini. Kabla ya kumgusa, mwambie unagusa wapi na kwa nini.

Mbio zikiisha, ngozi ya makalio, mgongo wa chini na visigino ikaguliwe na mwenyewe kwa kioo au na mzazi. Wekundu usiopotea ndani ya dakika 30 ni mwanzo wa kidonda: sehemu hiyo isikaliwe wala kubanwa mpaka rangi irudi, na kocha ajulishwe siku hiyohiyo ili aahirishe zoezi linalofuata.