Je, wajua kwa nini F-5 ya Ethiopia iliichapa MiG-21 ya Somalia mwaka 1977?

Kama unaishi Nairobi umeshaziona F-5, ni zile ndege za kijeshi zinapita Jamhuri Day watoto wanaziba masikio, Kenya ilianza kuzipokea 1978. Sasa watu wakianza kubishana ndege gani ni kali, lazima mmoja aseme MiG, ile ya Mrusi, juu MiG-21 inakimbia mara 2 ya mwendo wa sauti na F-5E inafika kama mara 1.6 tu. Kwa karatasi mambo yameisha. Lakini Julai 1977 hizo mbili zilikutana kwa anga ya Ogaden na aliyepigwa ni MiG. Ilikuwaje?

Kwa kifupi, Siad Barre, rais wa Somalia, alituma jeshi lichukue Ogaden, sehemu ya Ethiopia inayokaliwa na Wasomali. Somalia ilikuwa na silaha za Mrusi, Ethiopia ilikuwa na za Mmarekani ingawa kiongozi wake Mengistu alikuwa ameshakosana na huyo Mmarekani. Nairobi walikuwa macho kabisa, juu bendera ya Somalia ina nyota ya pembe tano na moja ya hizo pembe ni Kaskazini Mashariki yetu.

Haya, turudi kwa ndege. Ule mwendo wa MiG unapatikana juu sana kwenye hewa nyepesi, ndege ikienda moja kwa moja, na mafuta yanaisha ukiangalia. Marubani wakishaanza kufukuzana hakuna anayefika huko, wako chini ya mwendo wa sauti, kila mtu anakata kona akitafuta mkia wa mwenzake, na hapo ndio bawa la MiG la pembetatu linakuwa shida, ukivuta kona kali linagomana na hewa, mwendo unashuka haraka, na kama uko karibu na ardhi huna pa kuuokota tena. F-5 ni ndogo na nyepesi, inageuka bila kuchoka sana. Prado na boda kwa jam ya Globe, hiyo injini kubwa itakusaidia nini? Isitoshe rubani wa MiG haoni nyuma vizuri, mgongo wa ndege unamziba, na adui anatokea huko huko. Wamarekani wenyewe walikuwa wanatumia F-5E kuigiza MiG-21 wakifunza marubani wao.

Kuna wanaosema ni kombora la F-5, ile Sidewinder inayofuata joto la injini, ambayo ikishanusa inanguruma kwenye hedifoni ya rubani, ndio anafyatua. Sawa, lakini MiG nazo zilibeba K-13, na K-13 ni Sidewinder iliyokopiwa! 1958 moja ilikwama bila kulipuka kwenye MiG-17 ya China, ikafika mikononi mwa Warusi wakaifungua yote na kutengeneza yao.

Mimi naona kubwa zaidi ilikuwa mtu kwa kiti. Marubani wa Ethiopia wengi walisomea Marekani tangu enzi za Haile Selassie, walizoea kupigana na kujiamulia hewani, wakati mtindo wa Kirusi ulitegemea sana maagizo ya mtu wa rada chini. Anayetajwa sana ni Legesse Tefera, aliangusha MiG kadhaa kabla hajaangushwa yeye mwenyewe kwa mizinga ya ardhini, akakaa jela Somalia kama miaka 11 mpaka 1988.

Anga ikawa ya Ethiopia, malori ya Wasomali yakaanza kupigwa barabarani. Vifaru vya Somalia bado vilisonga lakini, mji wa Jijiga ukaanguka Septemba. Halafu Mrusi akahama upande, Barre akamfukuza Novemba, Wakuba wakamiminika Ethiopia, na Moscow ikampa Mengistu MiG-21 zake mwenyewe, zikarushwa na Wakuba upande mmoja na zile F-5 mpaka Somalia ikaondoka Machi 1978.