Goti limeacha kuuma, nicheze lini?

"Daktari, goti haliumi tena. Jumapili nina ndondo." Maneno haya nayasikia sana hapa Mbeya. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ila nimeshachoka kusahihisha.

Mmoja wa wasemaji hao ni kiungo wa timu ya mtaani kule Uyole. Alikuwa anageuka na mpira, njumu imenasa kwenye nyasi, mwili ukazunguka, goti likabaki. Hakuguswa na mtu. Alisikia "pa!", na hazikupita saa mbili goti likawa limejaa kama kiazi cha Isyonje. Goti linalovimba upesi namna hiyo huwa lina damu ndani, na mara nyingi kano ya mbele, ile inayozuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele, imekatika. Nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto, wakamchua. Siwalaumu, bibi yangu naye angefanya hivyo hivyo. Lakini siku za mwanzo joto na kuchua huzidisha uvimbe; goti hilo lilitaka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji na magongo.

Si kila kano iliyokatika inahitaji kisu. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya watu 121: kati ya walioanza na mazoezi tu, zaidi ya nusu walimaliza miaka miwili bila kupasuliwa, na hali zao hazikutofautiana sana na za waliopasuliwa mapema. Ila mtu wa kukata kona kwa kasi, ambaye goti linamlegea kila akigeuka, mimi humshauri apasuliwe. Kijana wangu alipasuliwa.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia: goti liliacha kuuma, naye akataka kucheza. Kano mpya hutengenezwa kwa mshipi wa msuli uliochukuliwa kwingine, mara nyingi nyuma ya paja. Miezi ya mwanzo mwili huuvunjavunja na kuusuka upya, kwa hiyo kano huwa dhaifu wakati uleule ambao maumivu yameisha. Paja nalo limekonda, kwa sababu goti likivimba ubongo huuzima msuli wa mbele. Ndiyo maana wiki za kwanza nahangaika na mambo mawili tu: goti linyooke kabisa, na msuli ule uamke. Mlima usubiri. Watu wa huku hudhani kupanda ndiyo kazi, kumbe goti hulemewa zaidi wakati wa kushuka.

Kalenda yangu ni miezi tisa kwa uchache tangu upasuaji. Beki Virgil van Dijk, mwenye madaktari wa Liverpool, aliumia kano hiyohiyo Oktoba 2020 na akarudi kwenye ligi Agosti 2021. Kwa vijana chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena, goti lilelile au la pili.

Lakini miezi peke yake haitoshi, napima. Aruke kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba. Mguu uliopasuliwa ufikishe walau asilimia 90 ya mwenzake.

Wiki iliyopita, mwezi wa nane tangu apasuliwe, kijana aliruka. Mguu mzima: sentimita 170. Uliopasuliwa: 146. Nikamwonyesha hesabu, asilimia 86. Aliguna, akaitazama futi kamba kana kwamba nimeikata. Jumapili atashika kibendera.