Nusukaputi si usingizi mzito

Wengi tumekua tukiamini kwamba mgonjwa aliyepigwa nusukaputi amelala tu, ila fofofo. Sivyo. Aliyelala ukimchoma sindano ataamka. Aliye chini ya nusukaputi hupasuliwa tumbo na hashtuki.

Tuchukue propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa inayopitishwa kwenye mshipa. Hujishika kwenye vipokezi vya GABA (kemikali ya ubongo inayotuliza seli) vilivyo juu ya seli za ubongo na kufanya milango yake ikae wazi muda mrefu kuliko kawaida. Kloraidi, yenye chaji hasi, humiminika ndani; seli inatulia na haipelekei tena jirani zake habari. Ndani ya dakika moja hivi mgonjwa hajitambui. Pumzi nayo mara nyingi hulegea, ndiyo maana mtaalamu wa usingizi habanduki kichwani pake.

Ketamini, inayotumika sana katika hospitali zetu za wilaya, hupita njia nyingine kabisa: huziba vipokezi vya NMDA, vile vinavyosisimua seli za ubongo. Mgonjwa anaweza kukodoa macho huku hahisi kisu, na kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Huo nao tuuite usingizi?