Kipeo ni Idadi ya Vigawo

Katika madaftari ya kidato cha pili yanayoletwa tuisheni jioni hapa Mtwara, kuanzia Chikongola hadi Shangani, kosa moja linajirudia mno: x³ + x² = x⁵. Anayemsaidia mtoto, awe kaka yake au jirani, huwa amemwambia kwamba vipeo hujumlishwa, na mtoto ametii.

Kigawo ni kila kimoja kati ya vinavyozidishwa pamoja, na kipeo ni namba ndogo ya juu inayotaja idadi ya vigawo vinavyofanana. Kwa hiyo 2³ ni 2 × 2 × 2, yaani 8: vigawo ni vitatu, ingawa alama za kuzidisha ni mbili tu. Wanaofundisha kwamba 2³ ni "mbili kuzidishwa kwa yenyewe mara tatu" wanampotosha mtoto makini, ambaye atazidisha kweli mara tatu na kupata 16.

René Descartes, Mfaransa aliyeueneza uandishi huu kwa kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, aliandika x³ kama tuandikavyo sisi, lakini mraba mara nyingi aliuandika xx. Natamani mazoea hayo yangebaki madarasani, kwa sababu xx humwonyesha mwanafunzi vigawo vyenyewe.

Vipeo hujumlishwa pale tu vigawo vinapounganishwa kwa kuzidisha: xxx × xx ni vigawo vitano, ndiyo maana tunapata x⁵. Katika xxx + xx hakuna vigawo vilivyounganishwa. Ni mafungu mawili yaliyowekwa pamoja, kila moja likibaki na vigawo vyake, kama vile kilo tatu za korosho na mbili za ufuta zisivyogeuka kuwa kilo tano za korosho. Tukiweka 2 mahali pa x, 8 + 4 ni 12, ilhali 2⁵ ni 32.

Mtoto anayeleta x⁵ hiyo asikemewe, maana kanuni aliyoitumia ni ya kweli, ila si ya hapo. Aombwe kwanza aandike xxx + xx bila kipeo chochote, kisha atafute kilichomo katika mafungu yote mawili. Ataiona xx, ataitoa nje ya mabano, na atapata x²(x + 1), ambayo kwa 2 ni 4 × 3.