Wimbo uliostahili kuvuma: maana yake hasa

Wimbo uliostahili kuvuma ni wimbo uliokuwa na kila kinachohitajika ili upendwe na wengi, ukatolewa hadharani kwa nia hiyo, kisha ukakwama kwa sababu iliyo nje ya wimbo wenyewe. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wapenzi wengi wa muziki wanaamini hivyo: kibao kisipotamba, basi kilikuwa na kasoro. Historia ya santuri inasema vingine. Imejaa nyimbo njema ambazo hazikujiuza kwa sababu hazikufika dukani, au redio hazikujua ziziweke wapi, au ziliwekwa upande wa santuri ambao wasikilizaji hawakuugeuza.

Chukua "River Deep – Mountain High" wa mwaka 1966. Waliouandika ni Phil Spector, Jeff Barry na Ellie Greenwich, watu ambao tayari walikuwa na vibao kadhaa vilivyoongoza chati. Ulitoka kwa jina la Ike na Tina Turner, ingawa Ike hakushiriki kuurekodi. Sauti ni ya Tina, na nyuma yake kuna umati wa wapiga ala waliojazwa ndani ya studio ya Gold Star mjini Los Angeles, hadi huwezi tena kusema hili ni gitaa, lile ni piano, vyote vimeungana. Usikilize kuanzia mwanzo. Tina anaingia akiwa ametulia, anasimulia habari za mwanasesere wa utotoni, sauti iko chini. Kisha muziki unaanza kupanda, ngoma zinakazana, na kiitikio kinapofika anaimba kama mtu anayeshindana na bendi nzima, na anaishinda. Sijui msikilizaji anaweza kutaka nini zaidi kwenye wimbo wa dakika tatu na ushei.

Marekani uliishia nafasi ya 88 kwenye chati ya Billboard, orodha kuu ya nyimbo zinazovuma huko. Uingereza, mwaka huohuo, ulifika nafasi ya 3.

Wimbo uleule, santuri ileile. Tofauti ilikuwa redio. Vituo vya Marekani wakati ule viligawanyika kwa rangi ya wasikilizaji, na Tina mwenyewe alikuja kueleza kilichotokea: kwa vituo vya weupe wimbo ulikuwa wa watu weusi mno, na kwa vituo vya weusi ulikuwa wa pop mno. Hakukuwa na mlango wa kuingilia. Na asije mtu akasema labda Wamarekani hawakuupenda tu, maana mwaka 1970 kundi la Supremes na lile la Four Tops waliurudia kwa pamoja, na humohumo Marekani ukafika nafasi ya 14.

Huo ndio mfano kamili wa dhana hii, kwa sababu kikwazo kinatajika. Hapo ndipo napenda kuwa mkali kidogo, kwa kuwa jina hili hutolewa ovyo. Wimbo hauingii humu kwa sababu mimi na wewe tunaupenda. Wala hauingii kwa sababu ni mzuri na haujulikani. Kuna muziki mwingi uliotungwa kwa ajili ya wachache, ukawafikia hao wachache, na haudai kitu kwa mtu. Hauingii pia wimbo uliokosa namba moja. Uingereza bado wapo wanaolalamika kwamba mwaka 1981 "Vienna" ya Ultravox ilikaa nafasi ya pili wiki nne, wiki tatu kati ya hizo ikiwa imezuiwa na wimbo wa kuchekesha wa Joe Dolce. Malalamiko ninayaelewa, lakini wimbo uliokaa nafasi ya pili mwezi mzima umevuma. Kwa hiyo anayedai wimbo fulani ulidhulumiwa atuambie ulizuiwa na nini.

Mara nyingi jibu ni usambazaji, jambo ambalo mashabiki hulizungumzia kwa nadra kwa vile halina mvuto. Bendi ya Big Star ya Memphis ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972 na kuipa jina "#1 Record", yaani santuri namba moja. Nyimbo zake ni fupi, magitaa yanang'aa, sauti zimepangwa kwa ustadi, viitikio vinakaa kichwani; hazikuwa nyimbo za kujificha. Waandishi wa habari za muziki waliisifu. Lakini lebo ya Stax, iliyokuwa na jukumu la kuipeleka sokoni, ilikuwa na nguvu kwenye muziki wa soul kuliko wa roki, na mpango wake mpya wa usambazaji na kampuni ya Columbia haukuisaidia bendi hii hata kidogo. Msomaji wa gazeti alikuwa anasoma sifa, anakwenda dukani, na santuri haipo. Albamu ya pili, "Radio City" ya mwaka 1974, ilipata mkosi huohuo, ikiwa na "September Gurls" ndani yake, wimbo ambao mimi nauhesabu miongoni mwa nyimbo bora za pop za muongo ule. Miaka kumi baadaye wanamuziki wa bendi ya roki ya R.E.M. walikuwa wakitaja Big Star kama walimu wao. Walimu ambao umma haukuwahi kupata nafasi ya kuwakataa.

Vikwazo vingine ni vya kiofisi zaidi. The Kinks, bendi ya Uingereza, walizuiwa kufanya maonyesho Marekani kuanzia 1965 hadi 1969 kutokana na mgogoro na chama cha wanamuziki cha huko, na "Waterloo Sunset", uliofika nafasi ya pili Uingereza mwaka 1967, haukuingia kabisa kwenye chati kuu ya Marekani. Mwimbaji Leonard Cohen alipomaliza albamu iliyokuwa na "Hallelujah" mwaka 1984, kampuni yake ya Columbia ilikataa kuitoa Marekani. Na Gloria Jones aliimba "Tainted Love" kwa hasira na kasi ya ajabu katikati ya miaka ya 1960, wimbo ukawekwa upande wa pili wa santuri yenye wimbo mwingine dhaifu zaidi. Upande wa kwanza haukufika popote, na wa pili ukazama nao.

Lakini kuna nyimbo ambazo huwezi kuzitajia mkosaji. Hazikupigwa marufuku, santuri zilikuwepo madukani, redio zilizipiga kidogo, na bado hazikwenda. Hapa ndipo jaribio moja la mwaka 2006 linasaidia kuliko maelezo yote ya mashabiki. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, waliokuwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walichapisha matokeo yake katika jarida la Science. Walifungua tovuti yenye nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Watu 14,341 wakaingia, wakasikiliza, wakatoa maksi, na kupakua bure walizozipenda. Baadhi yao waliona majina ya nyimbo na bendi tu. Waliobaki waliona pia kila wimbo umeshapakuliwa mara ngapi, na hawa waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana. Kila kundi liliona hesabu za watu wa kundi hilo peke yake. Kila wimbo ulianzia sifuri katika kila kundi.

Kama ubora ungejiuza wenyewe, makundi manane yangeishia na orodha moja. Hayakufanya hivyo. Wimbo mmoja, "Lockdown" wa bendi ya 52metro, ulikuwa wa 26 kwa wale waliosikiliza bila kuona hesabu za wengine. Katika kundi moja ukawa wa kwanza. Katika lingine ukawa wa 40. Hakuna noti iliyobadilishwa kati ya kundi na kundi. Kilichobadilika ni watu wachache wa mwanzo: walioingia mapema walipakua hiki badala ya kile, waliofuata wakaona hesabu zimesogea, wakaanza na zile zilizosogea. Pengo kati ya nyimbo za juu na za chini nalo likawa kubwa zaidi kuliko pale watu waliposikiliza kila mmoja kivyake. Ubora haukupotea kabisa, kwani nyimbo bora ni nadra kuishia mkiani na mbovu ni nadra kufika kileleni. Ila kwa nyimbo nyingi za katikati, lolote liliwezekana.

Miaka miwili baadaye Salganik na Watts walichapisha jaribio jingine ambamo waliwadanganya wasikilizaji kwa makusudi, wakageuza orodha ili nyimbo zilizopendwa kidogo zionekane zinaongoza. Baadhi ya nyimbo hizo zilianza kupendwa kweli. Zile bora kabisa zilijikokota zikarudi juu polepole. Kuna jambo moja zaidi lililotokea ambalo kwangu ndilo zito: kwa jumla watu walipakua nyimbo chache. Ukiwawekea mbele nyimbo dhaifu, hawahamii kwenye nzuri zilizofichwa nyuma. Wengi huondoka tu.

Tukiyachukua hayo, neno "ulistahili" linapata maana inayoshikika. Halisemi kwamba dunia ilikuwa na deni la lazima kwa wimbo. Linasema kwamba kama wimbo huo ungezinduliwa tena na tena, mbele ya umati mwingine na siku nyingine, ungeshinda mara nyingi kuliko kushindwa, na sisi tumeangukia ile mara ulioshindwa. Nje ya maabara hatuna makundi manane. Lakini mara chache tunayo mawili au matatu, na mipaka ya nchi ndiyo hufanya kazi ya ukuta. "River Deep" ulikuwa na makundi mawili, Marekani na Uingereza. Rodriguez, mwimbaji wa Detroit, naye alikuwa nayo: albamu yake "Cold Fact" ya mwaka 1970 haikuuzika Marekani, ila Afrika Kusini ikawa santuri ya kizazi kizima cha vijana wa kizungu wakati wa ubaguzi wa rangi, huku mwenyewe hana habari na wasikilizaji wake wakidhani amekufa. Filamu ya hali halisi juu ya kisa hicho ilipata Oscar mwaka 2013. Anayesema nyimbo zile hazikuwa na uwezo wa kupendwa na wengi ana nchi nzima ya kumpinga.

Kundi jingine huletwa na muda. "Running Up That Hill" wa Kate Bush uliishia nafasi ya 30 Marekani mwaka 1985. Mwaka 2022 tamthilia ya Stranger Things iliutumia, ukafika nafasi ya 3 hukohuko na namba moja Uingereza. Mariya Takeuchi wa Japani alitoa "Plastic Love" kama singo mwaka 1985, ukafika nafasi ya 86 kwenye Oricon, chati ya huko. Kuanzia 2017 YouTube ilianza kuupendekeza kwa watu wasiojua neno la Kijapani, na mamilioni wakausikiliza. Kumbuka kwamba chombo kilichouinua ni cha aina ileile iliyo kwenye jaribio: mashine inayoonyesha watu kile ambacho wengine wameshakibofya. Safari hii bahati ilikuwa upande wa wimbo.

Hata hivyo kufufuka kwa wimbo si lazima kumfikie aliyeuimba, na hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna utunzi, na kuna rekodi. "Tainted Love" kama utunzi ulilipwa haki yake: mwaka 1973 DJ Mwingereza Richard Searling aliokota santuri ya Gloria Jones Marekani, akaipiga kwenye kumbi za dansi za kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 1981 kundi la Soft Cell wakaurudia kwa vinanda vya umeme ukawa namba moja Uingereza na kukaa wiki 43 kwenye chati ya Marekani. Mrabaha wa utunzi ulikwenda kwa mtunzi, Ed Cobb. Rekodi ya Gloria Jones, ambayo kwa sikio langu ndiyo kali zaidi kati ya zote mbili, haikupata wiki hizo 43. Lori Lieberman vivyo hivyo: alikuwa wa kwanza kurekodi "Killing Me Softly" mwaka 1972, Roberta Flack akausikia ndani ya ndege, na mwaka 1973 ukawa namba moja kwa sauti ya Flack. Ukisema wimbo ulistahili kuvuma, sema unazungumzia kipi, kwa sababu utunzi unaweza kupata kila kitu na mwimbaji wa kwanza akabaki mikono mitupu.

Na mifano yote niliyotoa ina upungufu mmoja usioepukika: ni ya nyimbo zilizookolewa. Ata Kak, Mghana aliyekuwa akiishi Toronto, alitoa kaseti yake "Obaa Sima" mwaka 1994 kwa nakala zipatazo 50. Mwaka 2002 Mmarekani Brian Shimkovitz alinunua moja huko Cape Coast, akaiweka mtandaoni mwaka 2006, na ilipotolewa upya mwaka 2015 Ata Kak alianza kupanda majukwaa ya Ulaya na Marekani. Tunaijua kaseti hiyo kwa sababu nakala moja iliangukia mkono wa mtu aliyekuwa na tabia ya kukusanya kaseti na mahali pa kuzionyesha. Zile ambazo nakala zake zote ziliangukia mikono mingine hazimo kwenye orodha yoyote ya nyimbo zilizostahili kuvuma, na idadi yake haiwezi kukadiriwa kwa kutazama zile zilizomo.